Mwachie Kijana Funguo: Raha ya Kuhudumu na Vijana wa Kanisa Kigoma

Jumamosi, saa tisa alasiri. Vijana sita wamekaa kwenye ngazi za kanisa, jua la Mwanga linawapiga utosini, kinanda kimefungiwa ndani na mwenye funguo amekwenda msibani Ujiji. Saa kumi kasorobo wawili wanaondoka. Saa kumi kamili mlezi anafika anahema, anafungua, anaomba radhi, kipindi kinaanza na wanne. Kesho yake kwenye matangazo waumini wataambiwa kwamba vijana wa siku hizi hawana mwamko.

Mwamko ulikuwepo. Ulikaa kwenye ngazi saa nzima.

Iwe ni VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki parokiani, TAYO ya Waanglikana au idara ya vijana ya kanisa la Kipentekoste kule Gungu, swali la kwanza la kuuliza kuhusu kikundi ni hili: funguo ziko mfukoni mwa nani? Kikundi ambacho funguo, daftari na sanduku la fedha vyote viko kwa mtu mzima mmoja kinaweza kujaza benchi kumi na bado kisiwe na kitu ndani. Na raha ya utumishi huu, ile inayomrudisha mtu mwenye kazi zake kila Jumamosi bila posho, haipatikani hapo. Inapatikana siku kijana uliyemtilia shaka anapofika saa nane na nusu, kabla yako, amekwisha kufagia na kupanga viti.

Kwa hiyo gawa vitu vinavyoshikika. Ufunguo wa chumba cha vyombo uwe kwa mmoja, na nakala yake kwa mwingine anayekaa mtaa tofauti, ili msiba wa mtaa mmoja usifunge kikundi. Daftari la mahudhurio kwa wa tatu. Spika, waya na kinanda kwa wa nne, naye aandike kila kinachotoka na kinachorudi, hata waya wa kuchajia. Sufuria na madumu kwa wa tano. Cheo bila kitu mkononi humchosha kijana mapema. "Mwenyekiti msaidizi wa kamati ya uhamasishaji" hana la kufanya Jumamosi, lakini aliyeshika sufuria analo.

Anayeona ni mapema kumkabidhi kijana jambo zito amkumbuke Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na Mapadre Weupe (wale waliofika Ujiji mwaka 1879), akasomeshwa udaktari Malta. Alipotia mguu Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika hili hili upande wa Katavi, mwishoni mwa miaka ya 1880, alikuwa na miaka ishirini na kitu. Akatibu watu na kufundisha dini hapo hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Sisi tunasita kumwachia mtu wa umri huo ufunguo wa kabati.

Ratiba inafuata mwezi

Kosa linaloua vikundi vingi huku ni ratiba iliyonakiliwa kutoka mji usio na ziwa. Mlezi anapanga mkutano kila Ijumaa jioni mwaka mzima, kisha anashangaa kwa nini vijana wa ufukweni, Kibirizi na Katonga, wanaonekana wiki mbili na kupotea wiki mbili.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri pale anga likiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wengi hupumzika, nyavu zinashonwa, watu wanalala nyumbani. Na si wavuvi peke yao: mabinti wanaoanika dagaa, vijana wa kubeba, wauza chai wa mwaloni (pale ufukweni boti zinaposhusha dagaa), bodaboda wanaosafirisha ndoo alfajiri, wote wanaishi kwa mzunguko huo. Kijana aliyekesha ziwani hawezi kukaa kwenye semina saa tatu asubuhi bila kusinzia, na akisinzia akaaibishwa mbele ya wenzake, ndiyo mara yake ya mwisho.

Basi chukua kalenda inayoonyesha mwezi mpevu, weka duara kwenye tarehe hizo kwa mwaka mzima. Siku tatu nne kabla na siku tatu nne baada ya kila duara ndizo za mambo makubwa: semina, mafungo, kazi ya pamoja, uchaguzi wa viongozi. Wakati wa giza weka mambo mepesi yanayoweza kuendelea na watu pungufu, na mara moja moja uwafuate mwaloni wenyewe, saa nne asubuhi dagaa wakishaanikwa. Dakika ishirini za Neno na sala zinatosha pale. Ukizidisha unawaharibia kazi, maana dagaa wanataka kugeuzwa na kuangaliwa mvua.

Pasaka inamfaa mvuvi kuliko sikukuu nyingine zote, na wengi hawajalitambua hilo. Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Maana yake Juma Kuu huwa na mbalamwezi kila mwaka, na vijana wa mwaloni wengi wako nchi kavu. Hapo una wapiga ngoma, wabeba msalaba wa Njia ya Msalaba, walinzi wa mkesha, sauti za besi zote. Mtego uko kwenye mazoezi ya kwaya: wiki mbili kabla ya Juma Kuu ni giza, hao besi hawapo. Nyimbo mpya zifundishwe kwenye mbalamwezi ya mwezi uliotangulia, ndani ya Kwaresima, na Juma Kuu liwe la kunoa tu. Krismasi haina huruma hiyo; tarehe yake imefungwa, mwezi unaweza kuwa popote, kwa hiyo angalia kalenda mapema, mnamo Oktoba, ujue kama mkesha utakuwa na besi au utaimba sauti tatu.

Juu ya mwezi, weka shule. Darasa la saba mtihani ni Septemba. Kidato cha nne Novemba. Kidato cha sita Mei. Wakati huo usimpe mwanafunzi jukumu jipya, na usimlaumu akipotea. Wadada wa kazi za ndani wana nafasi moja tu kwa wiki, mara nyingi Jumapili baada ya ibada, na kama kikundi chako hakina hata mmoja wao, jua ni saa ya mkutano ndiyo inayowafukuza.

Sabuni

Maombi na mafundisho kila kanisa linayo. Kinachowaunganisha vijana haraka kuliko hotuba ni kazi ya mikono yenye matokeo yanayoonekana, na Kigoma ina mawese. Sabuni ya kipande ni kazi ya kikundi hasa: inataka watu wa kupima, wa kukoroga kwa zamu, wa kukata, na inataka subira ya wiki nne ambayo vijana huilalamikia kisha huisimulia kwa fahari. Mkishaikausha, mnayo ya kubeba kwenda kwa wazee na wagonjwa bila kupitisha bakuli la michango.

Anzeni na kilo moja ya mawese kwa majaribio. Kilo hiyo inataka gramu 135 za kostiki soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, si magadi ya kupikia, na mililita 350 za maji safi. Kipimo hicho kinaacha mafuta kidogo yasiyoliwa na soda, kama asilimia tano, ndiyo kinga ya ngozi. Majaribio yakikubali, nendeni dumu la lita 10. Lita 10 za mawese zina uzito wa karibu kilo 9, hivyo soda ni kilo 1 na gramu 215, maji lita 3 na robo kasoro kidogo. Hapo mtapata vipande kati ya 85 na 90 vya gramu 150 kabla havijakauka.

Tumia mizani. Rudia: mizani. Kopo la maziwa halipimi soda, kwa sababu chenga kubwa na chenga ndogo hujaza kopo sawa lakini uzito hautoshani. Pungufu ya soda inatoa sabuni laini yenye mafuta mafuta isiyokauka. Soda ikizidi sabuni inakuwa ngumu, inapukutika, na inachubua mikono. Kosa jingine la uzito ni soda iliyokaa kwenye mfuko ulio wazi. Inavuta unyevu wa hewa, inalowa, na mizani inakusomea maji ukidhani ni soda. Nunua ya kutosha siku hiyo, funga inayobaki ndani ya chombo kisichopitisha hewa, andika jina lake kwa herufi kubwa, weka mbali na watoto. Na mawese nayo yachunguze: yakiwa na maji au uchafu chini ya dumu, yayeyushe, yaache yatulie, chuja kwa kitambaa ndipo upime.

Sasa hatari. Soda hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, mkikoroga. Maji hayamwagwi juu ya soda hata siku moja. Hutokota ghafla na kuruka usoni. Ndoo iwe ya plastiki nene au chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu za alumini hapana kabisa, soda inazila na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Kazi ya soda ifanywe nje, penye upepo, na watu wawili wenye umri wa miaka 18 kwenda juu, wamevaa glovu za mpira, miwani, mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Ndala zisogee mbali. Karibu yao kuwe na ndoo mbili za maji safi zisizo na kazi nyingine. Soda ikimrukia mtu, vua nguo iliyolowa, mwage maji mfululizo kwa dakika ishirini, kisha kituo cha afya. Jicho likiguswa, lioshwe papo hapo vivyo hivyo, na mwendelee kuosha huku mnaelekea huko kama kuna namna. Msipake ndimu wala siki.

Maji ya soda yatapanda joto yenyewe. Yaacheni yapoe hadi ndoo ishikike kwa kiganja bila kuunguza, na mawese yayeyushwe yafikie vuguvugu la kiasi hicho hicho. Hapo mimina maji ya soda kwenye mafuta, taratibu, mkikoroga kwa mwiko mrefu wa mti kwa upande mmoja. Hapa ndipo raha ilipo. Vijana hushindana zamu za dakika tano tano, mmoja anaanzisha wimbo, rojo linabadilika rangi kutoka wekundu kuelekea chungwa, na baada ya nusu saa hadi saa moja linakuwa zito kama uji wa ulezi: ukiinua mwiko, tone linaacha alama juu kabla ya kuzama. Hiyo ndiyo dalili. Wakimimina kabla ya dalili, mafuta yatajitenga juu ya sanduku.

Sanduku la mbao lililotandikwa nailoni linatosha. Funika, acha saa 24 hadi 48, kata kwa waya au kisu kirefu ikiwa bado laini kidogo, panga vipande kwenye chanja kivulini vikiwa na nafasi ya hewa, geuza kila wiki. Wiki nne. Vumbi jeupe likitokea juu, halina madhara, linafutwa. Mabonge meupe ndani ya kipande au majimaji yanayotoka ukikata ni soda isiyokorogeka. Fungu hilo lisimfikie mtu yeyote. Rangi ya chungwa itabaki, msiihangaikie. Wapo wanaochemsha mawese mpaka wekundu upotee. Moto wake ni mkali mno na mafuta huweza kulipuka, usiwaweke vijana kwenye jiko hilo kwa sababu ya urembo wa sabuni.

Kuuza dukani ni habari nyingine. Kunahitaji nembo ya TBS, shirika la viwango, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kama vijana wanataka kufika huko, na hata kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, waunde kikundi chao cha uchumi kilichosajiliwa peke yake, chenye katiba na akaunti yake. Kuchanganya mkopo na sadaka za kikundi cha sala kumevunja urafiki mwingi.

Kwenda kwa wazee na wagonjwa

Sabuni zimekauka. Sasa ziende wapi? Majina yatoke kwenye jumuiya ndogondogo, kwa kuwa wenyeviti wake ndio wanaomjua bibi wa Buzebazeba anayeishi na mjukuu wa miaka saba. Tuma mtu siku mbili kabla akaombe ruhusa na kuuliza kinachohitajika. Mara nyingi jibu si sabuni. Ni maji, ni kuni, ni paa linalovuja juu ya kitanda, ni mtu wa kumsomea karatasi ya kliniki.

Nyumba moja vijana wanne, watano wakizidi. Kundi la thelathini kwenye chumba kimoja linamnyima mgonjwa hewa na linamlazimisha mwenye nyumba kutafuta soda za kuwakaribisha. Wawili wanachota, madumu manne yanatosha kuanza; mmoja anafua, mmoja anakaa na mzee. Huyu wa kukaa mara nyingi ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa hiyo usimpe yule asiyejua kunyamaza. Shikamoo kwanza, jina, umetoka kanisa gani, kisha acha mzee aongee. Wengi watageukia Kiha, na kijana aliyekulia mjini atajikuta anauliza maneno ambayo nyumbani kwao hayasemwi tena. Sala iwe mwishoni na iwe fupi, dakika kumi pamoja na wimbo mmoja wanaoujua wazee.

Hospitalini, iwe ni Maweni au kituo cha afya cha kata, taratibu zao ndizo sheria. Nendeni saa za kuona wagonjwa, mwoneni kwanza muuguzi wa zamu, na msimpe mgonjwa chakula ambacho muuguzi hajaruhusu. Wapo wanaosubiri upasuaji, wapo wa kisukari. Mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani. Mikono ioshwe kabla na baada.

Na picha zisipigwe. Hili linaleta ubishi kila mara, kwa kuwa kundi la WhatsApp la parokia linataka kuona. Mwelezeni anayedai kwamba mgonjwa hakuugua ili awe tangazo la kikundi. Pigeni picha ya madumu yaliyojaa yakiwa yamepangwa mstari, inatosha.

Kambi ya siku tatu

Mwisho wa Juni ndio wakati wake: shule zimefunga, mvua zimeisha, barabara za Kasulu na Uvinza hazitelezi. Hesabu ifuatayo ni ya watu 60, kuanzia chakula cha Ijumaa jioni hadi cha Jumapili mchana, milo minne mikubwa na asubuhi mbili.

Ugali mara tatu: unga gramu 300 kwa kila mtu kwa mlo, yaani kilo 18, jumla kilo 54. Wali mara moja, mchele kilo 14. Maharage mara mbili, kilo 7 kila mara, yalowekwe tangu usiku na yakae jikoni saa mbili asubuhi kwa mlo wa saa saba. Asiyeloweka anakula saa kumi na kuchoma mkaa maradufu. Dagaa wakavu mlo mmoja, kilo 2 na nusu, pamoja na mboga za majani. Mlo unaobaki ni wa kile kitakachotolewa na waumini, na Kigoma hakikosekani, iwe migebuka au ndizi. Mawese lita 4, chumvi kilo 2, vitunguu kilo 5, nyanya kilo 8. Uji wa asubuhi: unga kilo 3 na sukari kilo 1 na nusu kwa kila asubuhi.

Chakula hakikoseshi kambi usingizi. Maji ndiyo. Mtu mmoja anataka lita 10 kwa siku kwa kunywa, kupika, kunawa na kuoga kwa kipimo. Kwa watu 60 ni madumu 30 ya lita 20 kila siku, na tisa kati ya hayo ni ya kunywa, yaliyochemshwa na kupozwa kwenye vyombo vyenye mfuniko na bomba. Asichovye mtu kikombe. Kipindupindu tunakijua mkoa huu. Weka ndoo ya kunawia na sabuni yenu karibu ya kila choo na karibu ya jiko, na shimo moja lisizidi watu 20. Kila godoro na chandarua chake. Asiye nacho aseme kabla ya safari, kwa sababu malaria haitasubiri misa ya kufunga kambi.

Kambi ikiwa vijiji vya kaskazini, vya kufikiwa kwa boti kutoka Kibirizi, ongeza umakini. Ondokeni asubuhi mapema kabla upepo haujachachamaa, kila mtu avae jaketi okozi tangu anapopanda mpaka anaposhuka, na majina ya waliopanda yabaki kwa mtu wa nchi kavu. Boti likijaa, ahirisheni. Kuoga ziwani wakati wa kambi kusiwemo kwenye ratiba hata kama nusu ya vijana wamezaliwa ufukweni. Wanaojua kuogelea ndio huwavuta wasiojua.

Jambo la ulinzi halina mzaha. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na nusu ya kikundi chako ni watoto. Mabweni ya wasichana na wavulana yawe mbali, kila upande na walezi wawili wa jinsia hiyo. Mtu mzima asikae na mtoto mmoja faraghani. Maongezi ya siri yafanyike mahali panapoonekana ingawa hapasikiki. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi yenye namba ya simu na dawa anazotumia mtoto. Mtoto akikuambia ameumizwa, msikilize, usimwahidi kuficha, na usiitishe kikao cha wazee wa kanisa kwanza. Simu ya watoto ni 116, haina malipo, na kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Mlezi aliyechukizwa na masharti haya apangiwe kazi nyingine, ziko nyingi kanisani.

Fedha za kambi ziandikwe na mhazini kijana kwenye daftari moja, kila kitu kwa risiti au kwa saini ya muuzaji wa sokoni, na zisomwe mbele ya wote Jumapili kabla ya kuondoka, senti iliyobaki ikiwa mezani. Kijana wa miaka kumi na tisa akisoma hesabu iliyofunga mbele ya wenzake sitini, sauti ikimtetemeka mwanzoni, wazazi hunyamaza, na mwaka unaofuata michango huja bila kubembelezwa.

Wanaondoka

Hili wageni wa kazi hii hawalitarajii. Kikundi cha vijana Kigoma hakijai na kubaki kimejaa. Baada ya kidato cha sita wanaitwa JKT. Baadaye vyuo vinafungua. Mwingine anapanda treni ya Reli ya Kati kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mwingine anaolewa Kasulu. Kila mwaka unapoteza wale uliowazoea, hasa waliojua kila kitu, na mlezi asiyejiandaa hujikuta na wageni watupu na kinanda kisichojulikana waya wake uko wapi.

Ndiyo maana kila kitu kiwe na wawili tangu mwanzo: anayeshika na anayejifunza. Anayejifunza awe mdogo kwa miaka miwili au mitatu, ili wasiondoke pamoja. Kipimo cha sabuni kiandikwe kwenye ubao jikoni. Namba za wenyeviti wa jumuiya ziwe kwenye daftari, zisikae kwenye simu ya mtu mmoja.

Siku ya makabidhiano haina haja ya sherehe. Jumamosi, kabla ya mazoezi, chumba cha vyombo kinafunguliwa na vyote vinatolewa nje juani: sufuria tatu, madumu kumi na mawili, mizani, masanduku ya sabuni, kinanda, spika, waya nne. Anayeingia anahesabu kwa sauti, anayetoka anaweka alama kwenye daftari. Madumu yakihesabika kumi na moja, hawasaini kwanza. Wanakwenda nyumba kwa nyumba hadi lipatikane, na kwa kawaida linakutwa kwa bibi wa Buzebazeba, limejaa maji.